Mshipa wa Upande wa Baba

Gyamfua aliingia chumbani kwa daktari akiwa amevaa nguo nyeusi za msiba, na kabla hajakaa alikuwa ameshaanza maneno.

"Daktari, leo sikuja kuumwa. Nimekuja kuomba ruhusa kama mtoto wa shule. Jumamosi tuna mazishi, na nataka nilie vizuri. Huo mshipa wako usije ukanipasukia katikati ya kilio, watu wakasema nimezidisha mbwembwe."

Daktari Konadu alicheka. Nani angejizuia mbele ya Gyamfua? Aliuza vitambaa katika soko kuu la Kumasi, na kwa mdomo ule angeweza kumuuzia mjane nguo ya harusi na mjane akashukuru.

Miezi miwili nyuma, picha ya kifua chake ilionyesha kwamba mshipa mkuu, ule unaobeba damu yote kutoka moyoni, umetanuka. Ulikuwa na upana wa sentimita nne na nusu. Madaktari wengi hungoja ufike tano na nusu, kwa sababu kabla ya hapo kisu chenyewe kinaweza kuua upesi kuliko mshipa. Wahenga walituachia methali mbili zinazopigana, haraka haraka haina baraka na ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha wakaenda zao wakamwacha Konadu katikati. Yeye alichagua kungoja. Angemwahi kwa kisu kama kwao watu wangekuwa wanakufa ghafla, lakini alipouliza, Gyamfua alijibu kwamba ukoo wake ni wa vizee watupu, na mama yake wa miaka themanini bado anatwanga mwenyewe fufu ya mihogo.

"Pole na msiba. Nani amefariki?"

"Baba yangu mdogo. Alikuwa shambani kwenye kakao, akashika kifua, akaanguka. Hata kuaga hakuaga. Kama baba tu. Yeye alianguka kanisani wakati wa sadaka, watu wakasema Mungu ameikataa noti yake."

Kicheko cha Konadu kilikatika.

"Gyamfua, si nilikuuliza kama kwenu kuna waliokufa ghafla?"

"Uliniuliza ukoo wangu. Ukoo wangu ni wazima. Hao ni watu wa kwa baba."

Wala hakuwa amedanganya. Kwa Waashanti mtu ni wa kwa mama yake. Huko hurithi, na huko ndiko huliliwa kama mtu wao. Baba hupendwa, lakini ukoo si wake. Konadu ni Mwashanti vilevile. Aliuliza kama ambavyo mama yake angeuliza, akajibiwa kama ambavyo yeye mwenyewe angejibu, na sasa alijiona mpumbavu wa kutupwa.

"Kwa baba wako wengine waliokufa hivyo?"

"Shangazi mmoja. Na mwanawe, alikuwa anacheza mpira." Gyamfua alimwangalia usoni. "Daktari, mbona unanitazama hivyo?"

Picha mpya ilipigwa siku hiyohiyo. Mshipa ulikuwa umekaribia sentimita tano.

Konadu alimlaza papo hapo ili ampasue, na Gyamfua mazishini hakwenda. Kesho yake mjomba wake, Mzee Badu, mkuu wa ukoo, alikuja hospitali na fimbo yake, kwani katika nyumba ile hapasuliwi mtu bila yeye kusikia.

"Binti yangu, wewe ni wa hapahapa," alimwambia Konadu. "Mtu damu yake huitoa kwa nani?"

"Kwa mama, mzee." Ndivyo alivyofundishwa tangu utoto, na ulimi ulijibu wenyewe.

"Na mshipa huu unapitisha nini?"

"Damu."

"Basi ugonjwa wa upande wa baba umeingia kwa mlango gani?"

"Damu ni maji, mzee. Mshipa ni bomba. Bomba hili amerithi kwa baba yake, na ni bovu."

"Ukimfungua, unaniahidi atarudi?"

"Siahidi. Wengi hurudi. Wapo wasiorudi, na wapo wanaorudi na kasoro."

"Huyu amekuja hapa kwa miguu yake, anapiga kelele. Mtu anayepiga kelele hivi unampasulia nini?"

"Mjomba," Gyamfua alisema kutoka kitandani, "baba alianguka nimemshika mkono. Nilikuwa na miaka tisa. Sitaki mwanangu Afrakoma aone vile. Wanipasue."

Mzee Badu aligeuza fimbo yake mara kadhaa. "Kama ni neno lako."

"Ni langu. Na wewe Daktari, ukishafika moyoni usichunguze sana. Kuna mwanamume mle, mjomba hamjui."

Mzee alicheka bila kutaka. Konadu hakuweza.

Alipomfungua, aliona ukuta wa mshipa umekonda hata damu ilionekana ikizunguka ndani yake, na kwa ndani ulikuwa umeanza kuchanika. Aliukata, akashona bomba la kitambaa mahali pake.

Gyamfua aliamka kesho yake. Mkono wa kulia haukuinuka. Chembe ndogo ya ukuta ule mbovu ilikuwa imesafiri hadi kwenye ubongo, na maneno hayakuja. Yalibaki macho tu, yanayoelewa kila kitu.

Wiki nzima maneno hayakuja. Mama yake aliketi kando ya kitanda akimfuta mate kwa upindo wa nguo.

"Daktari, usingempasua ingekuwaje?"

"Angekufa, mama."

"Lini?"

Konadu alitamani kumweleza jinsi ule ukuta ulivyokuwa. "Sijui," alisema. "Labda wiki hii. Labda miaka mitano."

"Hata hiyo wiki ningeichukua," mama alisema. "Angekuwa anaongea."

Gyamfua aliushika mkono wa mama yake kwa mkono wake wa kushoto, akafungua mdomo. Wote wawili wakamwinamia, wakangoja. Ilitoka sauti moja, nzito, isiyo neno, na hawakujua kama anamkubalia mama yake au anamkatalia.