Vitenge kwenye Uwanja wa Luberizi

Watu wa Bagira, mtaa wetu wa Bukavu, walikuja kulilia jicho la mume wangu kama wanavyolilia maiti. Walileta sukari, wakaimba nyimbo za kanisa, wakajaa sebuleni mpaka viti vyangu vikaanza kulegea. Na Zagabe mwenyewe alikuwa hai, ameketi katikati yao na bandeji usoni, akipewa pole na kila anayeingia. Mwishowe nilichoka. Niliwaambia asante kwa sukari, lakini hapa hakuna msiba, na vita havijatunyima misiba, waende kwa wenye nayo. Mama mkwe alininunia muda mrefu.

Jicho lenyewe, la kushoto, liliharibika mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu. Bomu lilianguka nyuma ya nyumba ya jirani na vioo vya dirisha letu vikaruka ndani. Sisi wengine tulichubuka tu. Zagabe alikuwa rubani wa ndege ndogo ya shirika letu la makanisa, na mimi nilikuwa mtu wa fonie ofisini, yule anayezungumza na ndege na zahanati za mbali kwa redio. Kila siku ya kazi nilikuwa namsikia mume wangu akiniita kutoka mawinguni. Sauti ile ilipokatika, iliniuma kuliko jicho.

Yeye alijiona amekwisha. Alimimina chai kando ya kikombe, akanyoosha mkono kushika kitasa cha mlango akashika hewa. Kila kilichomwagika alikitazama kama ushahidi dhidi yake.

"Maman Sagesse," aliniambia, kwa jina la binti yetu, "nani atapanda ndege ya mutu hawezi hata kuona kikombe?"

Nilimkokota mpaka kwa daktari Firmin, bingwa wa macho, mtu mpole anayesema polepole kana kwamba maneno yanauzwa. Alimpima, akampima tena, kisha akazima taa yake ndogo.

"Jicho ya kuume iko nzima kabisa, Papa," alisema. "Sheria haimukatazi mutu wa jicho moja kuruka. Inataka kwanza azoee. Halafu apimwe, na mukaguzi apande naye mu ndege, aone namna anashuka."

"Na kikombe, Docteur?" nikauliza.

Firmin akacheka. Alitueleza kwamba macho mawili yanasaidiana hasa kwa vitu vya karibu: kikombe, sindano, mkono wa mtu. Kwa vitu vya mbali, hata mwenye macho mawili anakadiria kwa ukubwa wa kitu, kwa kivuli chake, kwa jinsi ardhi inavyokimbia chini yake. Hayo jicho moja linaweza kujifunza, ila lipewe muda na kazi.

Kazi mimi nililipatia. Nilisimama uani nikimrushia Zagabe maparachichi, na mengi yalimpiga kifuani kabla hajadaka la kwanza. Nilimpa sindano atunge uzi. Nilimfundisha kugeuza kichwa, maana upande wa kushoto sasa ulikuwa giza, na alikigeuza mno, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Majirani walisimama kwenye ua wakifa kwa kicheko. Mama mkwe alipita akasema kwa sauti, ili nisikie, "Ukipenda, chongo utaita kengeza." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi sijaita kengeza. Ni chongo, nimekubali, ila chongo huyu ataruka.

Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1998, barabara ya kwenda bonde la Ruzizi ikawa ya kuomba Mungu. Kijana aliyechukua kazi ya Zagabe alikimbilia Nairobi, na sikumlaumu. Dawa zilirundikana stoo, na ndege ikakaa kwenye uwanja wa Kavumu imefunikwa turubai. Lakini shirika lilisema wazi: bila cheti cha afya, Zagabe hata kuigusa haruhusiwi. Wakati huo chai ilikuwa inaingia kikombeni bila yeye kufikiri. Firmin alimpima na kusaini. Ilibaki kuruka na mkaguzi.

Mkaguzi alitoka Goma: Commandant Jean-Marie, mzee mwenye mvi na tumbo la mtu aliyezoea kutiiwa. Alimtazama Zagabe usoni bila aibu, jicho moja kisha la pili.

"Tutapeleka dawa Luberizi, kule bonde ya Ruzizi," alisema. "Hakuna ndege imeshuka kule tangu vita ianze tena. Ukishuka muzuri, nitasaini. Ukishindwa, nisisikie tena habari ya kuruka."

Nilidai kwamba dawa zinahitaji mtu wa kuzikabidhi, nikajibana nyuma kati ya makatoni. Kwa kweli, hata kama ingekuwa ndege ya mawe ningepanda.

Zagabe aliinua ndege kutoka Kavumu taratibu, na nilimwona mgongo wake ukinyooka. Tulipita juu ya ziwa, juu ya Bukavu na mabati yake yaliyobanana kwenye vilima, kisha milima ikaanguka ghafla na bonde likafunguka mbele yetu, la joto, lenye mashamba ya mpunga. Jean-Marie aliandika, akatazama, akaandika. Zagabe aligeuza kichwa kushoto, kulia, kushoto, nami nikamwomba Mungu mkaguzi amkubali kuku huyu.

Ndipo tukauona uwanja wa Luberizi, na uwanja ulikuwa umevaa nguo.

Kwetu, askofu akija, au bibi harusi, kina mama wanavua vitenge vya juu na kuvitandika njiani ili miguu ya mgeni isiguse vumbi. Kina mama wa Luberizi walikuwa wamesikia kwamba ndege inarudi, tena na yule rubani aliyepoteza jicho. Basi walitandika vitenge kwa ajili ya miguu ya ndege. Vyekundu, vya njano, vya bluu, vimepangwa kwa upendo pale pale magurudumu yanapogusa.

"Ni nini ile?" alifoka Jean-Marie.

"Bikwembe," alisema Zagabe. "Bitenge ya bamama."

"Ikiingia mu helisi, mu panga ya ndege, tumekufa! Nani aliambia bale bamama tunakuya?"

Niliyapanga makatoni yangu. Ni kweli, asubuhi nilimwita Maman Joviale, muuguzi wa pale, kwa fonie, na labda nilisema kwa furaha kuliko ilivyohitajika.

Zagabe alipita chini juu ya uwanja, akitikisa mabawa ili waelewe waondoe. Walielewa kwamba anawasalimu. Walipiga vigelegele, wakaruka, na waliokuwa hawajatoa vitenge wakakimbia kuviongeza. Mmoja alifungua hata kile alichobebea mtoto.

"Tunarudi," alisema Jean-Marie. "Examen imekwisha."

Nilijua tukirudi, ndiyo basi. Hatapewa siku nyingine, na ataketi Bagira maisha yake yote akisikiliza ndege za wengine.

Zagabe hakubisha. Alizunguka tena, akageuza kichwa, akatazama chini kwa muda.

"Commandant, kule mwisho hakuna bikwembe. Nafasi iko."

"Iko fupi! Ile nafasi ni ya mutu wa macho mbili."

"Basi sisi tuko nayo tatu," alisema mume wangu, "bila kuhesabu ya Maman Sagesse."

Jean-Marie aliinua mikono yake akaiweka juu ya magoti, mbali na usukani.

Zagabe akashuka. Nilikuwa nimesema sitafumba macho, na sikufumba. Vitenge vilipita chini yetu, karibu mpaka niliona maua yake, na bado tulikuwa hewani, na uwanja unakwisha, na mbele kulikuwa na mfereji wa mpunga. Kitenge cha mwisho kikapita. Hapo hapo magurudumu yakagusa udongo, laini, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Breki zikalia, makatoni yakanisukuma, na ndege ikasimama kabla ya mfereji. Nikapiga kelele.

Kina mama walitufikia wakikimbia, Maman Joviale mbele. Alimjua Zagabe kwa sauti ya redio tu, maana ndege zilianza kushuka pale wakati wa yule kijana aliyekimbia, na hakuna pale aliyewahi kumwona mume wangu. Wanaume wawili wakatoka. Mmoja, mwembamba, alikwenda kukagua gurudumu. Mwingine alikuwa na mvi, tumbo, na miwani myeusi. Kina mama wakaamua kwamba miwani ile inaficha jicho lililokufa. Wakamkamata Jean-Marie mikono yote miwili, wakatandika vitenge mbele yake, wakaanza kumwimbia shujaa wao.

Nilishuka nikiwa na maneno tayari, na wanaonijua wanajua yangekuwa mengi. Sikuyahitaji. Jean-Marie alipiga hatua chache, akasimama. Akavua miwani, akawaonyesha macho yake yote mawili.

"Bamama, mumekosea mutu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mfereji. "Mimi nilikuwa abiria tu. Pilote ni ule."

Zagabe aliinuka kutoka kwenye gurudumu. Kina mama waliviokota vitenge vyao vyote, wakakimbia, wakavitandika upya kuanzia miguuni pake. Machozi yalimtoka macho yote mawili, linaloona na lisiloona, wala hakuyafuta. Aliinama, akavua viatu, akaanza kutembea juu ya vitenge. Nilimfuata na katoni ya dawa kichwani, nikipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.