Kiti cha Mgeni Rasmi

Jumapili moja Tumpale alikuwa akisukuma chapati kwenye jiko la gurudwara, hekalu la Makalasinga pale Tunduma, tajiri wa mji, bosi Edson, alipoingia na kiti chake. Kilikuwa cha mbao chenye mto mwekundu, na dereva wake alikibeba kila alikoalikwa kuwa mgeni rasmi.

"Bosi, viatu," Tumpale alimkumbusha. "Na kichwa tunafunika."

Edson alivua, akajifunga kitambaa. Kiti hakukiacha.

Tumpale, Mmoravian wa kijiji cha Mbebe, alizijua nyumba mbili za ibada, maana Alhamisi alifagia msikiti wa jirani. Kule wanaswali bega kwa bega kuelekea kibla, na Kurani inakaa rafu ya juu. Huku wanaketi kuimba mbele ya Kitabu chao kitakatifu, na jioni Kitabu kinalazwa kitandani na kufunikwa shuka. Kule dua ikiisha unakwenda zako. Huku huondoki bila kula. Lakini kotekote unavua viatu, na kotekote unakaa chini, hata uwe nani. Hilo Tumpale alilipenda kuliko yote.

Siku ya Maulidi iliyopita kiti cha Edson kilizama kwenye saruji ya msikiti mpaka akalingana na wenzake. Viti vya wazee wenye magoti mabovu havikuzama. Shekhe aliendelea na dua.

Sasa kikazama tena, katikati ya jamvi la chakula. Edson alipokea chapati na dengu akiwa njiani kushuka. Alipofika chini alitangaza kwamba hati ya kiwanja cha jiko ameshapewa yeye. Jumatatu panavunjwa, pawe maegesho ya malori.

"Kula kwanza, bwana," alisema mzee Balbir, mlezi wa hekalu.

Tumpale alishikwa na hasira. Mumewe Isaka aliwahi kukwama mpakani na lori la shaba mpaka posho ikamwishia. Jiko hili lilimlisha, wala hakuna aliyemuuliza anasali wapi.

"Mwenye nguvu mpishe," mtu alinong'ona.

"Mimi sipishi," Tumpale akasema kwa sauti, akamwongezea Edson dengu. "Shiba, bosi. Kesho utanikuta hapahapa."

Jiko lilivunjwa. Malori yakaingia. Tumpale akatandika jamvi katikati yake, na msikiti ukamwazima sufuria la futari. Mlinzi alimfukuza asubuhi. Mchana alikuwa amerudi.

Ndipo malori yakaanza kuzama, matairi kwanza, kisha ngazi, mpaka madirisha yakalingana na jamvi. Madereva walishusha vioo wakapokea chapati, na Tumpale hakulazimika kuinuka. Edson akabandika tangazo langoni: lori likizama, ni juu ya mwenyewe.

Jumapili alikuja kukagua kiwanja chake, dereva akimfuata na kiti.

"Bosi, viatu," Tumpale alisema, macho kwenye unga.

Edson akavua, akala, akashiba. Kiwanja hakurudisha, na Tumpale hakukunja jamvi.