Ngumi za Askari Radi

Kwa miaka mitano Lazar Glantz alichora mikono. Mkono ulioshika sabuni, mkono unaomimina kahawa, mkono wa bibi arusi na pete yake. Katika ile ofisi ya matangazo, ghorofa ya kumi na moja pale Manhattan, kazi yenye mkono ikija hawakuulizana. Iliwekwa mezani kwake moja kwa moja. Hawakujua kwamba zamani mkono ndio uliomshinda.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alichora vitabu vya katuni, wachoraji kumi chumba kimoja, huyu penseli, yule wino, mwingine maneno. Humo ndimo alimobuni shujaa, akamwita Askari Radi. Kifua alikiweza, taya aliliweza, joho linalopepea aliliweza. Vidole vilimtoa jasho; kila akivichora vilitoka kama soseji. Basi akamfumba Askari Radi ngumi zote mbili, akasonga mbele. Shujaa alilala na ngumi, alipanda ngazi na ngumi, na mtoto akizama alimwopoa kwa viwiko. Wasomaji wakadhani ndio ushujaa wenyewe. Mwenye kampuni alibaki na shujaa pamoja na jina lake, na Lazar alipoondoka, waliomrithi waliziiga ngumi zile kama sheria ya Musa.

Hayo aliyaficha. Siku ya kuomba kazi ya matangazo alisema alikuwa akichora maua kwenye sahani. Wakati ule walimu na mapadri walikuwa wakikusanya vitabu vya katuni na kuvichoma uani mwa shule, na mchoraji wa vitabu hivyo alikuwa mtu wa kunong'onwa. Aliyeijua siri yake ni Vito Scalise tu, wa meza ya jirani. Enzi hizo Vito ndiye aliyezipaka wino kurasa za Lazar, naye ofisini pale aliingia kwa uongo wake mwenyewe.

Jumatatu moja mkuu wao, Bwana Whitcomb, akaingia na kitabu cha Askari Radi amekishika kwa ncha za vidole. Akaeleza kwamba kampuni ya shayiri imenunua ruhusa ya kumweka shujaa huyu kwenye boksi la uji, akimpa mtoto kijiko. Nani atajaribu? Watu wakatazama meza zao. Vito akakohoa. Lazar akasema atajaribu yeye.

Alichora siku tatu. Hakutaka sifa wala jina. Alitaka jambo moja tu, mtu wake aonekane walau mara moja, kwenye meza ya kila nyumba, na mkono aliokuwa amemnyima. Akamchora ameinama, kiganja wazi, kijiko kimekaa kati ya kidole gumba na cha shahada kama ndege aliyetua.

Vito akachungulia. "Kumbe jamaa ana vidole. Miaka kumi na minne nilidhani anatuficha peremende."

Whitcomb aliiweka picha kando ya kitabu, akaitazama huku na huku. "Kazi nzuri, Glantz, lakini huyu si yeye. Ona hapa, na hapa. Hafumbui ngumi kamwe."

Lazar alimwuliza kijiko kitamfikiaje mtoto.

"Akishike kwa ngumi."

"Kama mtoto wa miaka miwili?"

"Aliyembuni alikuwa na sababu zake."

Lazar akaweka penseli chini. "Aliyembuni ni mimi," akasema.

Kalamu zikasimama chumba kizima. Vito akainamia karatasi yake mpaka pua ikaigusa. Whitcomb hakucheka wala hakukasirika. Alimkumbusha tu kwamba alisema alikuwa akichora sahani. Lazar akakiri kuwa alidanganya.

"Basi wewe unajua kuliko sisi sote kwamba hafumbui ngumi," Whitcomb akasema. "Na hilo la katuni tusilitaje mbele ya wateja."

Lazar akachora ngumi. Ikarudishwa: hii ni ngumi ya bondia, ina mifupa, watoto watagundua. Akachora ya pili, nayo ikarudi.

"Chora vibaya, kaka," Vito akamnong'oneza.

"Nimesahau inavyofanywa."

Mwishowe akakiweka kitabu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akatandika karatasi nyembamba, akafuatisha ngumi mstari kwa mstari. Ilichorwa na mtu aliyemwiga mtu aliyemwiga kijana asiyejua kuchora mkono.

Mchana Whitcomb akaja, akaitazama, akatabasamu. "Sasa ndiye. Umeona? Haikuwa kazi ngumu."

Kisha macho yake yakaiangukia ile picha ya kwanza pembeni. Akaiinua kwenye mwanga, akachukua mkasi wa Lazar mwenyewe, akaukata ule mkono uliokunjuka, kuanzia kwenye kifundo, polepole asije akakiharibu kidole.

"Mkono kama huu usipotee," akasema. "Kijiko tutakifuta. Utafaa kwenye sabuni."

Akaondoka nao. Askari Radi akabaki mezani, ameinama mbele ya mtoto, anamnyooshea mkono ulioishia kwenye tundu.

Lazar akaurudisha mkasi kwenye mkebe wake.