Mtoto Mmoja, Basi

Mama Beldina alinionya kwenye simu kabla hata sijaiona nyumba yake ya kupangisha. "Tangi ni moja na maji ni ya shida. Mtoto mmoja, basi. Ukileta wawili, usinijue."

Mimi ninao wawili. Mapacha, wa miaka saba. Apiyo hatulii hata dakika. Adongo amevaa vyuma miguuni, na kila asubuhi nambeba mgongoni kutoka Nyamasaria hadi steji ya matatu, kisha tena kutoka steji hadi shuleni. Daktari ameniambia wazi: endelea hivyo, mgongo utakulaza. Na nyumba hii iko nyuma ya soko la Kibuye, haina ngazi, lango la shule liko ng'ambo tu ya barabara. Adongo angeenda shule kwa miguu yake mwenyewe! Kwa uongo mdogo hivyo, nani angenilaumu?

Basi siku ya kuiona nyumba, Apiyo nikamwacha nje kwa rafiki yangu Metrine, anayeuza dagaa wa omena karibu na geti la Mama Beldina. Tukihamia ningemwingiza polepole, kama mgeni wa likizo. Adongo nilimfundisha njia nzima: "Ukiulizwa jina, sema Ivy."

Adongo aliizunguka sebule kwa magongo yake, akicheka. Mama Beldina alikuwa ameshatoa ufunguo.

"Na huyu mrembo anaitwa nani?"

"Adongo," akasema mtoto, kidevu juu.

Haki ya Mungu, nilitaka ardhi inimeze. Mimi ni Mmaragoli niliyeolewa Asembo, Ujaluoni, lakini hilo hata mimi nalijua: kwa Wajaluo, pacha wa kike anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Adongo. Hakuna Adongo bila Apiyo.

Mama Beldina akarudisha ufunguo mfukoni. "Apiyo ako wapi?"

Nikautazama mlango, nikaliona lile lango la shule, karibu hivyo.

"Tulimzika," nikasema. "Kule Asembo. Alikuwa bado mdogo."

Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Mama Beldina akashika kifua. "Yawa! Pole, nyathina, mwanangu. Pole sana." Machozi yakamlenga. Akautoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole.

Ndipo gongo likaanguka. "Mama! Apiyo amekufa?"

Nikisema hapana, nyumba imekwenda. Nikisema ndiyo... Ole wangu, nilinyamaza, ufunguo mkononi, huku mwanangu akimlilia dadake kwa sauti ya msibani. "Apiyo! Apiyo yee!"

Mbio za viatu zikasikika uani. Apiyo akaingia akihema. "Niko hapa! Ni nini?"

Adongo akamrukia, wakaanguka wote sakafuni. Alikuwa akimpapasa uso, masikio, mikono.

Mama Beldina alinyoosha mkono tu, nami nikamrudishia ufunguo wake.

"Ungeniambia ni mapacha," akasema, "tungeongea. Lakini mtu anazika mtoto mzima, huyo ataishi kwangu aje?"

Nje ya geti nilichuchumaa, nikampa Adongo mgongo kama siku zote.

Hakupanda. Alipita kando yangu, mkono mmoja kwenye gongo, mwingine begani kwa Apiyo, akatembea hivyo hadi steji. Mimi nilikuja nyuma nimebeba gongo la pili.