Banda la Ndege Mwamkulu

Mjukuu wangu Jeniffer anaendesha ndege ndogo ya viti vinne inayofuata wagonjwa Mwese, kule milimani ambako mvua ikinyesha hata pikipiki zinarudi nyuma. Ndege hiyo ilikuwa inakaa juani kwenye uwanja wa nyasi hapa Mwamkulu, jirani na shamba langu. Mwezi wa tisa wenye ndege walimwambia wazi kwamba mvua zikianza kabla haijapata paa la kukaa chini yake, itahamishiwa Tabora, na yeye aende nayo. Niliwafikiria akina mama wa Mwese, lakini sitaficha, nilimfikiria Jeniffer zaidi. Ndiye pekee niliyebaki naye.

Nassib, mwenye duka la mabati mjini, alikuja na tepu akapima mabawa. Alitaka nyumba ya bati pande zote, yenye mlango na kufuli. Alisema kitu cha thamani hakiachwi wazi kama kibanda cha viazi. Jeniffer akamweleza kwamba mlango wa kupitisha mabawa yale ungemaliza nusu ya bati, na upepo ukiingia ndani ukakosa pa kutokea, unanyanyua paa. Yeye alitaka nguzo na paa tu, pande ziwe wazi, ndege ifungwe kwa kamba kwenye zege, pua iutazame upepo. Nassib alikunja tepu yake, akaondoka. Kesho yake alileta nguzo kwa gari lake mwenyewe, na hakurudia tena habari ya mlango.

Ikabaki kujua upepo unatoka wapi. Hapo nikajiona mwalimu. Miaka arobaini nimepepeta mpunga hapa. Nikaenda na ungo wangu, nikarusha pumba, zikaruka kuelekea magharibi. Nikawaambia upepo wetu unatoka mashariki, hata mtoto anajua. Wakachimba mashimo sita kwa kufuata ungo wangu.

Siku ya tatu mzee Luhende alipita na ng'ombe wake. Alinisalimia, akauliza habari za magoti yangu, nami nikauliza za wajukuu wake, tukamaliza yote hayo kabla hajayanyooshea mashimo fimbo. Nikamweleza jinsi ungo wangu ulivyotuonyesha upepo. Akaniuliza taratibu huwa napepeta mwezi gani. Nikamjibu wa sita, wa saba.

"Basi mama, huo ni upepo wa kiangazi," akasema. "Wa mvua za kwanza ni mwingine. Ng'ombe wangu wakiusikia, wote wanageuka wanaupa makalio. Vichwa vyao vinatazama kusini."

"Kwa hiyo unatoka kaskazini."

"Unakuja na njia ya Uvinza. Kila mwaka."

Niliona aibu. Watu walikuwa wametoka jasho siku mbili kwa ajili ya ungo wangu. Luhende hakunicheka. Alisema bila mimi kuanza habari ya upepo, yeye angepita zake tu. Nilijua ananisitiri. Jeniffer ndiye aliyecheka.

"Nyie wawili mkichanganywa, anatoka rubani mmoja mzuri," akasema.

Wakafukia, wakachimba upya. Luhende alileta wanawe wawili na majembe, bila kuombwa.

Dhoruba ya kwanza ilikuja mchana, siku kumi baada ya paa kukamilika, na ilitoka kaskazini. Iling'oa bati mbili za jiko langu. Nikiwa mlangoni niliuona upepo ukiingia bandani na kutokea upande wa pili, kamba zimekaza, ndege inatikisika kidogo kama mtu anayekohoa. Mvua ilipokatika, Jeniffer aliizunguka akiishika bawa kwa bawa. Ilikuwa imelowa pua tu.

Aliongea na wenye ndege kwenye simu, maneno machache. Kisha akavuka uwanja, akaanza kunisaidia kutafuta bati zangu kwenye matope.

"Tunabaki, Bibi," akasema. "Kesho asubuhi naenda Mwese, kuna mama ana ujauzito wa mapacha. Jioni nitakula hapa."

Nikaenda kuloweka maharage.