Neptuniamu ya Ernesta

Nimemwosha baba yangu kwa miezi saba. Nimemgeuza kitandani, nimemlisha uji kwa kijiko, nimemsafisha mahali ambapo mtoto wa kiume hapaswi kupaona kwa baba yake. Na kwa miezi yote hiyo saba, neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko yote ni jina la dada yangu. Ernesta atakuja lini? Ernesta amepiga simu? Hakuuliza hata siku moja kama mimi nimekula. Nayasema haya mapema ili msinihukumu kwa pupa, ingawa najua mtanihukumu tu. Sisi Wapare na kesi ni pete na kidole. Mtu yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku.

Baba ni Mwalimu Zephania. Alifundisha kemia miaka thelathini na minne, na nusu ya wanaume wenye mvi hapa Suji waliwahi kuonja fimbo yake. Mimi niliionja kuliko wote. Nikiwa kidato cha tatu alinisimamisha juu ya dawati, akaniuliza kaboneti ikimwagiwa asidi hutoa nini. Nikasema moshi. Darasa likacheka. Basi akamtuma mtu shule ya msingi ya jirani akamlete Ernesta, alikuwa darasa la sita, akamsimamisha mlangoni na kumuuliza swali lile lile. "Kaboni dayoksaidi, Mwalimu," akajibu, tena kwa heshima zake zote. Baba akaligeukia darasa. "Huyu ndiye mwanangu. Huyo aliye juu ya dawati nilipewa kama nyongeza." Watu wanaona nilipaswa kusahau. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nimekua.

Ernesta akasoma mpaka Ujerumani. Huko anachunguza kitu kinachoitwa neptuniamu, elementi namba tisini na tatu, jirani wa uraniamu. Kinazaliwa ndani ya mitambo ya nyuklia na kubaki kwenye takataka zake kwa mamilioni ya miaka. Kazi ya dada yangu ni kukiunganisha na kaboneti, kukiacha kigande kuwa fuwele ndogo za kijani, halafu kuzipiga fuwele hizo miale ya eksirei mpaka ajue kila atomu imekaa wapi. Mtu mzima, na akili yote aliyojaliwa na Mungu, anatafutia atomu viti. Na baba alijivunia kazi hiyo mbele ya kila mgeni, huku mimi nimeshika beseni.

Mwaka huu, Agosti, akaja. Aliteremka na begi moja na daftari gumu la kijivu, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akapita moja kwa moja chumbani. Baba alikuwa amelala. Hospitali walishatuambia siku zake zimebaki chache, wakatupa dawa za maumivu, na dawa hizo zilikuwa zinamlaza kutwa nzima. Ernesta akakaa kando ya kitanda siku mbili.

"Kaka, nilimwahidi nitamweleza umbo la fuwele yangu," akaniambia. "Kwenye simu aliniambia hafi kabla sijamchorea. Akiamka hata saa moja, inanitosha."

Haja yake yote ilikuwa hiyo, saa moja ya baba yetu akiwa na akili timamu. Mimi sijawahi kupewa hata dakika.

Siku ya pili jioni alipanda ndivani na chupa ya plastiki. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, lililochimbwa na babu zetu juu ya mashamba. Kila ukoo una siku yake, na mtu hagusi maji siku ambayo si zamu yake. Ernesta alisahau. Alitaka tu kujua maji ya kwetu yana kaboneti kiasi gani, akaisuuza chupa, akachota, akarudi anaimba. Mzee Sifael, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimwona kutoka shambani kwake. Akaendelea na jembe lake.

Kesho yake ilikuwa ibada. Mchungaji akamwomba msomi wetu awasalimie waumini, na msomi hakusalimu tu, akafundisha.

"Kaboneti mnaijua," akasema. "Magadi mnayotia kwenye makande ni kaboneti. Sasa neptuniamu ikiwa peke yake inaweza kujibandika kwenye mawe na udongo, ikatulia. Lakini kaboneti iliyo majini ikiishika, inaachia mawe, inasafiri na maji. Ndiyo maana tunachunguza zinavyoshikana, ili takataka hizi zikizikwa, zisije zikamfikia mtu."

Wakampigia makofi. Mama mmoja akauliza kama inadhuru, naye akasema inadhuru sana ikiingia mwilini, ndiyo maana wanaifungia nyuma ya vioo vizito. Wakampigia tena. Nilikaa benchi la nyuma nikitazama watu wale wale walionicheka wakimpigia dada yangu makofi, na roho ikanichoma kuliko fimbo.

Nje nikamkuta Mzee Sifael anavaa kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Hezroni. Baba anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Mzee, kuna jambo linanikosesha amani. Ile chupa aliyopanda nayo ndivani, mimi niliiona ikitoka nyumbani. Haikuwa tupu."

Basi. Sikuongeza hata neno. Chupa ilikuwa tupu kama kichwa changu kidato cha tatu, na nilijua.

Mchana haukuisha kabla watu hawajajaa uani kwetu. Wanawake walikuwa wameshamwaga maji ya ndoo zote, na mifereji kutoka ndivani ilikuwa imezibwa kwa udongo na migomba. Ernesta alipotoka alicheka kwanza. Akaeleza kwamba hakuna mtu anayeweza kupita na neptuniamu uwanja wa ndege, kwamba wao wenyewe hupimiwa miligramu chache na kuziandikia karatasi rundo. Kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kujizika. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Hizo miligramu, ngapi zinaua?"

Mtu mwingine yeyote angesema mwenzangu, acha upuuzi. Lakini huyu ni mtoto wa Mwalimu Zephania, hajafundishwa kusema uongo. Akafikiri kidogo, akajibu, "Inategemea."

Neno hilo moja lilimmaliza. Kelele zikapanda. Mzee Sifael akanyoosha fimbo yake, akatoa uamuzi wa kamati: maji yatapelekwa Moshi kupimwa, na mpaka majibu yarudi, Ernesta ashuke mjini Same akakae huko, asikanyage mlimani.

Alinitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Kaka, uliniona nikitoka. Chupa ilikuwa tupu. Waambie."

Watu wote wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza maishani, watu walikuwa wanasubiri jibu langu kabla ya la Ernesta. Nisiwadanganye, ilikuwa tamu.

"Mimi sikuiona tupu," nikasema.

Akaingia ndani kuchukua begi. Daftari akaniwekea mkononi. "Akiamka nipigie, kaka. Nitapanda hata wakinipiga mawe." Akambusu baba kwenye paji la uso na kutoka, vijana wawili wakamsindikiza mpaka kwenye gari. Alilia njia nzima mpaka chini, waliniambia.

Baba akaamka siku ya tatu yake, asubuhi, saa mbili na nusu. Aliamka kweli, akili imetulia, akaomba chai na akaitaja sukari. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, chaji ipo, mtandao upo. Pikipiki kutoka Same ingemfikisha Ernesta kabla ya saa sita.

"Ernesta yuko wapi?" akauliza.

"Hayupo."

"Hilo daftari ni la nani?"

Nililiacha juu ya meza kwa uzembe. Nikamwambia ni la Ernesta, alilituma. Akaninyooshea kidole kikavu kama kijiti. "Macho yangu hayaoni vitu vidogo tena. Nisomee mchoro."

Nikalifungua. Kulikuwa na mchoro mkubwa uliochorwa kwa kalamu za rangi, mkono wenyewe wa Ernesta.

"Neptuniamu iko katikati," nikaanza. "Ina oksijeni mbili, moja juu, moja chini, zimenyooka."

"Mstari mmoja. Vizuri. Kiunoni?"

"Kaboneti tatu. Zimeizunguka."

"Zinashika kwa mkono mmoja au miwili?"

Nikatazama. Nikaweka kidole kwenye mchoro kama mwanafunzi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Nikahesabu mistari, nikahesabu tena. "Miwili, baba. Kila kaboneti imeshika kwa oksijeni mbili. Kwa hiyo kiunoni ziko sita."

"Na katikati ya vipande hivyo?"

"Potasiamu. Ndiyo inayovifunga pamoja."

Alifumba macho na kutabasamu. Tabasamu hilo sikuwahi kuliona likielekezwa kwangu. Akanyoosha mkono, akanishika kiganja, akakikaza.

"Umejua," akasema. "Umejua, mwanangu. Nilijua tu utakuja, Ernesta."

Ningeweza kunyamaza. Ningemwachia tabasamu lake, na mimi nikachukua mkono ule hata kwa jina la kuazima. Lakini niliikumbuka miezi saba, na lile dawati, na kile kicheko.

"Mimi ni Hezroni, baba," nikasema. "Ernesta nimempigia. Amesema kazi zimembana, hawezi kuja."

Mkono ukaachia. Aligeuza uso ukutani polepole, yeye mwenyewe, bila msaada wangu, na chai ikapoa juu ya stuli. Saa tisa alasiri alikuwa amekwisha kufa.

Majibu ya Moshi yalikuja siku ya pili yake. Maji ni safi, yana kaboneti kidogo tu. Mzee Sifael alishuka Same mwenyewe kumwomba Ernesta radhi, akampandisha aje kuzika. Walimkumbatia wale wale waliomfukuza, na walilia naye kwa sauti.

Baada ya mazishi alikuja kuketi karibu yangu kwenye mkeka.

"Aliamka?" akauliza.

"Kidogo. Asubuhi ile. Ilikuwa ghafla, sikuwahi kukupigia."

"Aliniulizia?"

Kaburi lilikuwa pale mbele yetu, udongo bado mbichi. Nikamtazama usoni.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa akiniita mimi tu."

Akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka mapajani. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia asante, kaka, kwa kumtunza baba.