Kamba ya Mbuzi Watatu

Akeno alitoka Lodwar na pesa za mbuzi wake watatu, akafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kununua besi ya kwaya, ile kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama. Pesa zilitosha besi tu, hata uzi wa akiba hapana.

Mzee Malual, mwenye besi, alizipokea, kisha akaanza kufungua uzi mmoja wa besi abaki nao.

"Mzee, mwingine nitautoa wapi?"

"Binti yangu, kwetu ng'ombe akiuzwa kamba hubaki nyumbani, baraka isimfuate."

Akeno hakubisha, maana hata kwao ni hivyo. Alitoa mkobani kamba ya mbuzi wake, aliyobaki nayo jana alipowauza sokoni.

"Basi chukua hii, uniachie uzi."

Mzee aliivutavuta, akacheka, akaukaza uzi. Akeno akaikumbatia besi. Mbuzi hakuwa nao tena; zizi lake sasa lilikuwa besi hiyo.